Watu Kumi Walioitwa Mlimani

Kosa lisilopiga kelele huanza kuwa kosa lini: siku linapoandikwa, au siku mtu anaposubiri na asitokee yeyote? Nimelizungusha swali hili tangu alasiri ile ya mvua pale Kamembe, na mpaka leo sina jibu la kuniridhisha. Chuo kikuu nilisoma hesabu, na katika hesabu jambo la uongo ni la uongo hata kabla hajazaliwa mtu wa kulisoma. Mdogo wangu, ambaye hajasoma hesabu ila anajua njia ya miguu ilivyo usiku wa masika, angeniambia kwamba hayo ni maneno ya watu wenye barabara mlangoni.

Yeye hana barabara mlangoni. Sisi ni watoto wa mtaa wa Waswahili wa Kamembe, tuliolelewa kati ya mashine za kushona na mabegi ya vitenge, lakini yeye aliolewa milimani, upande wa juu kati ya Gashonga na Mibirizi. Gari linaishia bondeni, penye zahanati ndogo. Kutoka hapo ni kupanda kwa miguu kati ya migomba na mihogo, kwenye udongo mwekundu ambao ukilowa hauna tofauti na sabuni. Mumewe ni mwashi. Huvuka mpaka mwanzoni mwa juma kwenda kujenga Bukavu, na hurudi juma linapokwisha. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa katikati ya njia ile, ndani ya machela, kwenye mvua, na hakuiona jioni ya siku hiyohiyo. Wakati ninaouzungumzia hapa, mdogo wangu alikuwa na mimba ya pili, na siku za kujifungua zilikuwa zimekaribia.

Wasioijua milima yetu yafaa niwaeleze machela. Tunaiita ingobyi. Ni kitanda cha mianzi iliyosukwa, chenye miti miwili mirefu, na wanaume wanne hukibeba mabegani huku wengine wakifuata nyuma kupokezana. Kila mlima una chama chake cha wabebaji, na machela hukaa katika nyumba ya mkubwa wao. Zamani, mgonjwa akizidiwa, mtu alikimbia hadi kwa yule mkubwa, naye akapuliza filimbi. Udhaifu wa utaratibu huo ulikuwa katika kule kukimbia. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu akiwa peke yake nyumbani hakimbii.

Kwa sababu hiyo zahanati ya bondeni ilituomba, mimi na mwenzangu wa kazi, tuwatengenezee programu. Mwanamke angempigia muuguzi. Muuguzi angechagua jina la mlima kwenye kompyuta. Programu ingewatumia ujumbe wabebaji wote wa mlima ule kwa pamoja. Si kazi kubwa. Tuliiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, katika chumba chetu cha juu, ghorofa moja na nusu juu ya fundi cherehani, na moyo wake ulikuwa kitu kimoja tu, kile kinachoitwa kamusi. Kamusi katika Python ni kama kabati lenye droo: kila droo ina jina nje na kitu ndani. Majina yetu yalikuwa ya milima. Ndani ya kila droo tulikusudia kuweka orodha, na katika orodha, namba za simu za wabebaji. Muuguzi akifungua droo ya mlima, programu inachukua namba moja baada ya nyingine na kutuma.

Nasema tulikusudia, kwa sababu hakuna mahali tulipoandika kusudi hilo. Lilikuwa vichwani mwetu.

Mdogo wangu alipopata habari za programu hiyo, aliacha mpango wa kuja kukaa kwangu hadi ajifungue. Nilikuwa nimekwisha kumwandalia chumba. Akaniambia kwenye simu, akiniita yaya, yaani dada, kama alivyozoea:

"Yaya, kuku nitamwachia nani? Na maharage iko shambani. Si ile mashine yako itabaita bantu?"

"Itawaita," nikasema.

"Basi. Nabaki kwangu."

Siku moja kabla ya muuguzi kuanza kuitumia, tulipanga kuijaribu kwa kweli, mlima mmoja mmoja, na nikaomba tuanze na mlima wa mdogo wangu. Tulikubaliana na mkubwa wa wabebaji wa huko, mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza aliyewahi kuuza ndizi Bukavu miaka mingi, kwamba akipata ujumbe apulize filimbi mara moja, tujue, kisha aende na wenzake hadi kwa mdogo wangu. Mvua ilikuwa imeanza. Dirishani ziwa lilikuwa limefutika, na Bukavu, ng'ambo yake, haikuonekana tena. Nilichagua jina la mlima, nikabonyeza, na kioo kikaandika: *Watu kumi wameitwa.*

Mwenzangu akapiga meza kwa kiganja. Yeye ni Mnyarwanda aliyezaliwa na kukulia Bukavu, akarudi akiwa mtu mzima, na hajawahi kuona sababu ya kubadili ulimi wake.

"Kumi! Chama nzima! Maman, leo unaninunulia samaki ya sambaza."

Kumi ilikuwa idadi njema. Chama cha wabebaji chaweza kabisa kuwa na watu kumi. Nikampigia mdogo wangu.

"Umesikia filimbi?"

"Filimbi gani?"

"Ya mzee. Tumewaita sasa hivi."

Mvua ilikuwa ikilia juu ya mabati yake na juu ya mabati yetu.

"Sisikie kitu, yaya. Ni mvua tu." Kisha, kana kwamba anataja jambo la mtu mwingine: "Mugongo inanivuta tangu asubuhi."

Nikamuuliza inamvuta vipi. Akasema inakuja na kwenda. Nikamuuliza kama ni uchungu. Akasema uchungu anaujua, huu bado si wenyewe, nisianze kumlilia kama mama. Nilipoweka simu chini, mwenzangu alikuwa ameacha kucheka.

"Ni reseau," alisema. "Na hii mvua, hata Mungu hapatikane."

"Jaribu tena."

Akajaribu. *Watu kumi wameitwa.* Nikampigia mzee mwenyewe. Simu ikaita, akapokea mara ya kwanza. Mtandao ulikuwepo.

"Mzee, hujapata ujumbe?"

"Simu iko mukononi tangu mchana, Maman. Naichunga kama mutoto. Hakuna kitu imeingia."

Kuna hofu ya aina fulani ambayo naijua mimi na wenzangu wa kazi hii, nayo haifanani na hofu nyingine. Programu ikivunjika, hukupa maandishi mekundu na kukuonyesha mstari, unakasirika, unatengeneza. Lakini programu inayokuambia kwa utulivu kwamba kila kitu kimefanyika, na kumbe hakuna kilichofanyika, hiyo inakufanya uitilie shaka meza unayoiegemea. Watu kumi waliitwa. Walikuwa akina nani?

Nilimwambia mwenzangu kwamba nataka tuandike aina.

Hapo tulikuwa na ugomvi wa zamani. Python haikulazimishi kutangaza kila kitu ni cha aina gani, iwe maandishi, namba au orodha. Ukitaka, waweza kuandika kidokezo pembeni ya jina: hiki ni maandishi, hiki ni orodha ya maandishi. Kisha kuna kikaguzi, programu nyingine kabisa, kinachosoma vidokezo vyako kabla hujaendesha chochote na kukuambia mahali ulipojipinga mwenyewe. Mwenzangu aliona kazi hiyo kuwa ya watu wenye muda.

"Unataka kutia duani ndani ya programu," alisema. Duani ndiyo forodha, na kwa mtu aliyekua akivuka daraja la Rusizi na vifurushi vya mama yake, hakuna neno zito kuliko hilo. "Python ni nyumba ya bantu bazuri. Haiombe muntu kitambulisho kwa mulango."

"Ndiyo maana sijui nani ameingia."

"Sawa. Weka. Lakini mbio, nataka kurudi nyumbani na viatu vikavu."

Nilianza mahali palipoonekana pa maana zaidi, kwenye sehemu inayotuma ujumbe. Nikaandika kwamba kinachopokelewa pale, namba ya simu, kiwe maandishi: `namba: str`. Nikaendesha kikaguzi. Kikasema hakuna kosa.

"Unaona?" alisema mwenzangu, akianza kuvaa koti. "Umemupeleka muntu muzima hospitali. Daktari anasema arudi nyumbani."

Nilitaka sana kumwamini. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilimwamini. Ndipo simu ikatikisika mezani, na ilikuwa mdogo wangu.

"Yaya, ile filimbi ikilia, mimi nifanye nini? Nitoke ao bananikuta ndani?"

Alikuwa bado anaisubiri. Alikuwa ameketi mlangoni pake na kanga mabegani, kama nilivyomjua, akisikiliza mvua ili asiikose filimbi.

"Kaa ndani," nikamwambia. "Bado tunatengeneza."

"Basi bado haiko tayari."

"Bado."

"Ulisema iko tayari."

Nikamwambia asubiri kidogo. Akasema sawa, akakata.

Nikarudi kwenye kioo. Nilijiuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: nimekiambia kikaguzi nini, hasa? Nimekiambia kwamba kila kinachotumwa kiwe maandishi. Sikukiambia chochote kuhusu kabati. Basi nikapanda juu, mahali kamusi ilipoanzia, na mbele ya jina lake nikaandika kusudi tulilokuwa tumelibeba vichwani miezi yote ile:

`wabebaji: dict[str, list[str]]`

Ukilisoma polepole, linasema hivi: hii ni kamusi, jina la kila droo ni maandishi, na ndani ya kila droo mna orodha, ambayo kila kilichomo ni maandishi. Hakuna zaidi.

Mwenzangu, akiwa na mkono mmoja ndani ya koti, alinyoosha ule mwingine akaiendesha programu yenyewe. *Watu kumi wameitwa.* "Ona. Inatembea vilevile. Ile umeandika ni mapambo."

Na alisema kweli. Python inaposoma kidokezo, inakipita kama mpita njia anavyopita tangazo ukutani. Kidokezo hakifungi mlango. Humsaidia tu yule anayesoma kabla ya safari kuanza. Nikaendesha kikaguzi.

Safari hii kikalia. Mstari mmoja tu, kati ya milima yote: mlima wa mdogo wangu. Kilisema kwamba katika droo ile kilitarajia orodha ya maandishi, na kimekuta maandishi.

Tuliinama wote wawili. Milima mingine ilikuwa na mabano ya mraba, na ndani yake namba zilizotenganishwa kwa mikato. Mlima wa mdogo wangu ulikuwa na namba moja tu, imefungwa kwa alama za nukuu, bila mabano. Namba ya mzee, tupu.

Ilinichukua pumzi moja kuelewa kumi ilitoka wapi. Programu ilipoambiwa ichukue vilivyomo ndani ya droo kimoja kimoja, haikukuta orodha, ila maandishi. Na Python, isiyoomba kitambulisho, huyachukua maandishi herufi kwa herufi. Namba ya simu kwetu ina tarakimu kumi. Programu yetu ilikuwa imetuma ujumbe kwa sifuri, kisha kwa saba, ikaendelea hivyo hadi tarakimu ya mwisho, kila tarakimu ikaihesabu kuwa mtu, na kwa kuwa tarakimu moja nayo ni maandishi, kidokezo changu cha kwanza kiliziruhusu zote zipite. Kumi waliitwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu.

"Nani aliingiza hii?" niliuliza, ingawa nilijua. Yeye ndiye aliyepanda milimani kukusanya namba.

Alivua koti, akakaa.

"Niliuliza banipe namba zao," alisema taratibu. "Milima ingine, kila muntu alitoa yake. Kule wakakataa. Walikuwa bameketi mbele ya nyumba ya mzee, machela iko pale, bakasema: namba ni ya mzee. Ukiita yeye, umeita sisi bote. Nikawaambia programu inataka bote. Mmoja akaniuliza: 'Wewe, kwenu, baba akiitwa kwa chef ya kijiji, batoto wanaitwa moja-moja?' Bakacheka. Mimi pia nikacheka." Akaitazama ile namba kwenye kioo. "Niliandika kile balisema, Maman. Mlima moja, namba moja. Sikuona orodha pale. Niliona mzee."

Sikuweza kumlaumu, na sikutaka. Aliandika ukweli wa mlima ule kama alivyoupokea. Kwao chama si orodha ya watu; ni nyumba yenye machela na mtu anayeilinda. Sisi ndio tuliokuja na kabati la droo sawasawa, na hatukumwambia mtu yeyote, hata mashine yenyewe, kwamba hata aliye peke yake lazima awekwe ndani ya orodha.

"Mabano mawili," alisema, akavuta kibodi. Akafungua mabano ya mraba kabla ya namba na kuyafunga baada yake. Kikaguzi kikanyamaza. Akaendesha programu, na kioo kikaandika: *Mtu mmoja ameitwa.*

Lilikuwa jambo la ajabu jinsi ukweli ulivyoonekana mnyonge kuliko uongo. Mmoja, mahali palipokuwa na kumi.

Nilikuwa nimeshika simu sikioni, mdogo wangu upande wa pili, na safari hii hakukuwa na haja ya kumuuliza. Niliisikia mwenyewe, nyembamba, ikipasua mvua: filimbi. Akapiga kigelegele kidogo, cha mzaha, kisha akaguna na kunyamaza ghafla, na nikamsikia akihema kwa kuhesabu.

"Ni nini?"

"Inapita. Ngoja." Akahema. "Imepita. Yaya, banakuja. Nabaona kwa njia."

"Wangapi?"

Nadhani niliuliza kwa mazoea ya alasiri ile tu, ya kutaka kujua namba.

"Mzee. Na wawili."

Nikaomba apewe mzee. Nilisikia viatu vyake kwenye matope, kisha ile sauti ya kukwaruza.

"Tumefika, Maman. Mashine yako inalia muzuri."

"Mzee, wengine wako wapi?"

"Vijana? Bamevuka. Saa hizi ni soko ya Bukavu, na wengine iko kwa shantye, banajenga. Banarudi jioni, wengine juma ikiisha. Asubuhi mapema unabapata, kabla hawajashuka."

"Na mngembeba vipi watu watatu?"

Alicheka bila furaha. "Mimi na miaka yangu ni nusu. Andika mbili na nusu."

Machela hubebwa na wanne. Hilo hata mtoto wa mlimani analijua, na hakuna mahali lilipokuwa limeandikwa kwenye kazi yetu. Nilikitazama kioo. Kidokezo kilikuwa sahihi, kikaguzi kimeridhika, droo ina orodha, orodha ina namba, namba ina mtu, na mtu alikuwa amekuja mbio kwenye mvua. Yote yaliyoahidiwa yalikuwa yametimizwa. `list[str]` husema ndani mna orodha ya maandishi. Haisemi ni mangapi. Hata orodha isiyo na kitu ingepita mbele ya kikaguzi bila kukohoa. Nilikuwa nimetumia alasiri nzima kuhakikisha umbo la droo, na sasa nilikuwa najua umbo lake vizuri kabisa, na mdogo wangu alikuwa bado juu kule na mgongo unaomvuta, kwenye mlima uliobaki na wabebaji watatu.

Mwenzangu alikuwa akinitazama.

"Nitapanda kesho tena kutafuta namba zao zote," alisema. "Hata wakicheka."

"Utapata orodha ndefu ya watu walio Bukavu."

"Sasa unataka nini?"

Nilijua ninachokiogopa: kwamba kesho muuguzi ataanza kubonyeza, kioo kitampa idadi, na idadi ile itamtuliza, kama kumi ilivyotutuliza sisi. Nikamwambia mwenzangu ampigie muuguzi, amwambie tusianze. Watu waendelee na filimbi, hadi tutakapojua kila asubuhi ni nani yuko mlimani na nani amevuka.

"Atakasirika. Amekwisha kuwaambia bantu ya bonde."

"Akasirike."

Akachukua simu yake akatoka nje kwenye ngazi, na nikamsikia akiomba radhi kwa lugha tatu. Mimi nikampigia mdogo wangu. Mvua ilikuwa ikipungua, na ng'ambo ilianza kuonekana tena, kwanza taa chache, kisha ukingo.

"Kesho asubuhi ninakuja kukuchukua," nilimwambia.

"Kunipeleka wapi? Nilisema si uchungu."

"Ndiyo. Kwa hiyo tunashuka kabla haujawa uchungu. Vijana wakiwa bado nyumbani."

"Kwa machela?" Sauti yake ilipanda. "Nikiwa muzima? Yaya, bantu watasema nini? Machela ni ya mugonjwa na ya maiti. Mimi nitapita mbele ya nyumba zao nimelala kama reine, kama malkia?"

"Basi utatembea. Watakufuata nayo."

"Tupu?"

"Tupu."

Hatukumtaja mtoto wa kwanza, wala njia, wala mvua ya siku ile. Hatujawahi kulitaja jambo hilo tukiwa wawili; linakaa kati yetu kama mgeni asiyetambulishwa.

"Kuku?" alisema hatimaye.

"Mzee atawaangalia."

"Atawala."

"Basi ale."

Alicheka, na kicheko kikamkatikia katikati, nikamsikia tena akihema. Nilibana simu sikioni mpaka akasema imepita. Nilimwomba mzee aende kulala kwake na mkewe abaki kwa mdogo wangu hadi nitakapofika, na mzee akasema mkewe amekwisha kuvua viatu mlangoni.

Kulipopambazuka nilikuwa tayari nyuma ya pikipiki, koti la mvua limenigandia mwilini, tukikatiza ukungu wa Giheke. Gari la kukodi lilikuwa nyuma yetu kwenda kusubiri bondeni, limpeleke hospitali. Dereva wa pikipiki alinishusha penye zahanati, nikapanda kwa miguu, nikishika migomba palipoteleza, nikisimama mara kwa mara kusikiliza kama kuna filimbi, bila kujua kama nilitaka kuisikia au la.

Walikuwa wote uani. Vijana waliorudi usiku kutoka Bukavu, wengine wakiwa na saruji ya jana kwenye suruali, walikuwa wakisugua miti ya machela kwa majani makavu ili isiteleze mabegani. Mdogo wangu alitoka ndani amevaa kanga mpya na viatu vya mvua vya mumewe, vikubwa kupita miguu yake, uso umevimba kwa kukosa usingizi. Alinitazama, akaitazama machela.

"Isinisogelee," aliwaambia.

"Mama, tunaibeba tu kwa ajili ya mazoezi," alisema kijana mmoja. "Jana ulituita tukakosa. Leo tunalipa deni."

"Lipeni mbali kidogo."

Tukaanza kushuka. Mimi mbele yake, nikirudi kinyumenyume penye mteremko, mke wa mzee ubavuni, na nyuma, kwa umbali aliouamuru yeye, wanaume wanne wakiwa na machela tupu mabegani na wengine nyuma yao. Tulipita mbele ya nyumba za watu. Wanawake walisimama na ndoo zao wakatazama, hakuna aliyeuliza. Mdogo wangu alitembea ameinua kidevu.

Ilikuwa karibu na mahali alipozaliwa yule wa kwanza. Sitapaelezea, ni kona kama kona nyingine, yenye mparachichi mdogo. Alisimama. Akaushika mkono wangu na kuuminya hadi nikahisi mifupa, na nilipoutazama uso wake nilijua kwamba huu sasa ulikuwa wenyewe. Aligeuka tu, akainua kiganja kuelekea nyuma, kama mtu anayeita gari.

Walikuwa wamefika kabla hajashusha mkono. Waliiteremsha machela, akalala, mke wa mzee akamfunika kwa kanga, na wakainuka kwa pamoja bila mtu kutoa amri. Njia iliyobaki waliishuka nusu mbio, wakipokezana bila kusimama, miguu ikijua kila jiwe, na mimi nyuma yao nikiteleza na kuinuka. Wakati wote sikuhesabu chochote.

Mlango wa gari ulikuwa wazi. Walimwingiza, nikaingia upande wa pili nikakiweka kichwa chake mapajani pangu, na dereva akawasha. Mzee alisimama kando ya barabara, matope hadi magotini, akaitoa filimbi mfukoni na kuipuliza mara moja, kuwaambia waliobaki juu kwamba tumefika chini.